Kwenda kumtafuta Caesar: siku nne hadi mashine ya maji ya Sleepy Hollow

Baba yangu alikuwa mtu wa mashine. Kwetu Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, ukisema mashine hakuna anayekuuliza mashine gani. Ni ya kusaga. Yetu ilikuwa ya maji, wamisionari waliijenga wakati wa mkoloni: mto ulichepushwa kwa mfereji, maji yakaangukia gurudumu, gurudumu likazungusha jiwe. Nilikuwa darasa la tatu ilipoletwa ya dizeli, na ile ya maji ikafa mwaka huohuo. Yamebaki mawe mawili nyuma ya kanisa na mkono wa baba.

Mkono wake wa kushoto una vidoa vya bluu mgongoni, kama mtu aliyerukiwa na wino. Ni chuma. Jiwe la kusagia hupoteza makali na lazima lichongwe upya, na kila ukilipiga kwa nyundo vipande vya chuma huruka na kuzama kwenye ngozi. Havitoki tena. Tulipokuwa wadogo tulivihesabu akiwa amelala.

Mwaka huu aliniuliza kwenye simu, "Huko Marekani hawakuwahi kuwa na mashine za maji?" Naishi Syracuse, jimbo la New York, mwaka wa tisa sasa na sikuwa na jibu. Nikatafuta, nikakuta kwamba saa tano kutoka kwangu, kijiji cha Sleepy Hollow kando ya mto Hudson, kuna mashine ya zama za mkoloni Mwingereza, na msagaji wake alikuwa Mwafrika mtumwa aitwaye Caesar. Nikaomba ruhusa kazini siku mbili.

Nimeandika haya baada ya kurudi, kwa kutumia daftari na picha za simu. Vitabu huiita kinu cha maji. Kwetu kinu ni cha kutwangia, kwa hiyo mtanisamehe nikichanganya majina.

Siku ya 1, Alhamisi: Syracuse hadi Bronx

Basi la saa mbili asubuhi, dola 48 kwenda tu. Nilifunga chapati sita, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Barabara ni ile kuu namba 81, unashuka kusini mpaka Scranton, Pennsylvania, halafu unakunja mashariki. Vilima vyote vilikuwa kijani kibichi cha mwezi wa sita.

Kabla ya Scranton injini ikaanza kunuka, dereva akaegesha pembeni. Tulikaa saa mbili na nusu kusubiri basi jingine. Mama mmoja Mkongo wa Bukavu alikuwa kiti cha nyuma yangu na wajukuu wawili. Aliponisikia nikimwambia mtu kwenye simu "tumekwama" akanigusa bega. "Weye ni wa wapi, mama?" Basi hapo safari ikawa nyingine. Chapati zangu zikaisha, sambusa zake zikaisha, na nikajua habari za mashamba ya mihogo ya shangazi zake wote. Alipoambiwa nakwenda kuona mashine ya kusaga alicheka kwa furaha, akasema kwao waliiita *moulin*, na foleni ya moulini ndiko alikoposwa.

Tulifika kituo kikuu cha mabasi cha Manhattan saa kumi na moja jioni badala ya saa nane. Kampuni haikurudisha hata senti. Ushauri: ukisafiri kwa basi, usipange jambo lolote la saa maalumu siku ya kufika.

Nililala Bronx, sehemu ya Jiji la New York, kwa dada mmoja wa Moshi tuliyesali naye zamani Syracuse. Alinipikia ndizi nyama. Sikulipa malazi siku zote tatu, ndiyo maana bajeti yangu ni ndogo.

Siku ya 2, Ijumaa: Manhattan ya chini

Nilitaka kuanzia mjini kwa sababu unga wa Caesar uliishia mjini.

Treni ya chini ya ardhi ilikuwa dola 2.90 popote uendako. Nilishuka karibu na ukumbi wa jiji na kuinua macho kwenye bendera. Nembo ya Jiji la New York ina baharia, ina Mlenape, mwenyeji wa asili wa eneo hili, mwenye upinde, na katikati kuna mbawa za kinu cha upepo, biva wawili (wanyama wa mtoni wenye manyoya) na mapipa mawili. Mapipa yale ni ya unga. Mji huu mkubwa ulipata nguvu kwa ngozi za biva, halafu kwa unga. Hadi 1694 ilikuwa haki ya jiji peke yake kuchekecha na kufungasha unga wa kuuza nje. Mamilioni ya watu hupita chini ya yale mapipa kila mwaka. Nilipiga picha nikamtumia baba.

Dakika tano kwa miguu kutoka hapo ni Makaburi ya Waafrika, walipozikwa Waafrika wa mji huu enzi za ukoloni. Mwaka 1991, walipochimba msingi wa jengo la serikali, walikuta watu chini. Waliofukuliwa ni 419, na inakadiriwa waliozikwa eneo lile wanafika 15,000. Mwaka 2003 walirudishwa ardhini palepale, na tangu 2006 ni eneo la ukumbusho wa taifa. Kuingia ni bure. Utakaguliwa kama uwanja wa ndege, usibebe kisu cha matunda kama nilivyobeba mimi.

Ndani kuna maelezo ya mama mmoja aliyezikwa na shanga kiunoni. Shanga zaidi ya mia, zimezunguka nyonga. Nilisimama hapo muda mrefu. Maelezo yanachambua shanga zilitengenezwa wapi, lakini mwanamke yeyote wa kwetu akisoma "kiunoni" anajua kwamba kulikuwa na bibi, au shangazi, au somo, na kwamba waliomwosha mama yule waliziona wakaamua asizikwe bila zake. Wengine walikuwa na meno yaliyochongwa. Nikakumbuka wazee wa kusini kwetu.

Nje kuna ukumbusho wa mawe meusi, na pembeni vichuguu saba vya nyasi waliporudishwa. Mlinzi aliniona nimekaa sana akaniletea maji ya kunywa bila kuniuliza kitu.

Mwenye ile mashine niliyokuwa naifuata, Adolph Philipse, alikuwa na nyumba hukuhuku mjini. Mwaka 1741 jiji lilishikwa na hofu kwamba watumwa wanapanga kuliteketeza. Waafrika 30 waliuawa, 13 kati yao kwa kuchomwa moto wakiwa hai. Mmoja wa wawili wa kwanza kuchomwa, tarehe 30 Mei, aliitwa Cuffee, mtumwa wa Adolph Philipse. Nilijisomea hayo kwenye simu nikiwa nimekaa pale kwenye nyasi, na nilirudi Bronx bila kula.

Siku ya 3, Jumamosi: Sleepy Hollow

Kwa watakaokwenda: si lazima uanzie kituo kikuu cha treni cha Grand Central. Ukiwa Bronx au Manhattan ya juu, panda treni namba 1 hadi mtaa wa 225, vuka uingie kituo cha Marble Hill cha treni za Metro-North, njia ya Hudson. Nauli hupungua. Nunua tiketi kwenye programu ya simu au mashine ya kituoni kabla ya kupanda, maana ndani ya treni ni ghali zaidi. Na ukielekea kaskazini kaa upande wa kushoto, mto wote ni wako.

Hudson pale hauendi upande mmoja. Maji ya bahari yanajaa na kupwa hadi mbali kaskazini, na Walenape waliuita mto unaokwenda pande zote mbili. Mtu wa Kilwa au Lamu angeusoma haraka kuliko mimi wa milimani.

Nilishuka Tarrytown. Kituo cha mbele, Philipse Manor, kiko karibu zaidi, lakini nilitaka kupita mjini. Unapanda kilima hadi Broadway, unageuka kushoto, unatembea nusu saa hivi. Usiende mwezi wa kumi kama lengo lako ni mashine, kwani kijiji kina hadithi ya mpanda farasi asiye na kichwa na mwezi huo watu hujaa kama siku ya mnada. Pia eneo hufunguliwa kwa msimu, si kila siku. Angalia ratiba na ununue tiketi mapema. Yangu ilikuwa chini ya dola 20.

Unatokea kwenye bwawa. Ng'ambo kuna nyumba nyeupe ya mawe, na ubavuni mwake, imekaa juu ya ukingo wa bwawa, mashine. Mto unaitwa Pocantico na ni mdogo, mdogo kuliko wa kwetu. Unavuka kwa daraja refu la mbao, na nusu ya daraja nikasikia.

Nilikuwa na miaka tisa mara ya mwisho kusikia sauti ile. Mashine ya dizeli inapiga kelele, lakini ya maji inaunguruma chini kwa chini, unaisikia miguuni kabla ya masikioni, na juu ya mngurumo kuna mlio mwingine mwepesi, tak-tak-tak-tak, wa kijiti kinachotikisa nafaka ianguke kidogokidogo kwenye tundu la jiwe. Nilishika ukuta wa daraja. Nikarekodi dakika tatu za sauti bila kusema neno.

Niwape historia kwa ufupi, maana bila hiyo mashine ni mbao tu. Frederick Philipse alitoka Uholanzi akiwa seremala, akaoa vizuri, akafanya biashara, akanunua ardhi. Mwaka 1693 mfalme wa Uingereza alimpa hati ya umwinyi juu ya takriban ekari 52,000, kutoka Yonkers ya leo kwenda juu. Alikuwa na mashine mbili, ya chini Yonkers na hii ya juu. Na alikuwa mfanyabiashara wa watu. Mwaka 1685 meli yake iliyoitwa Charles ilipakia watu Soyo, kwenye pwani ya Kongo. Wengi waliosalimika waliuzwa Barbados, wachache wakaletwa huku. Miaka ya 1690 meli zake zilifika hadi Madagaska, kwa mfanyabiashara Adam Baldridge aliyeweka makao kisiwa cha Sainte-Marie, zikarudi na watu. Bahari yetu ya Hindi, basi, nayo ilileta mtu hapa. Frederick alikufa 1702, mwanawe Adolph akarithi upande huu.

Adolph hakuishi hapa. Wapangaji Wazungu walilima ngano yao na kuileta kusagwa, wakiacha sehemu kama malipo, sawa na kwetu ulivyoacha kisado. Lakini waliokaa hapa mwaka mzima, wakaendesha mashine, mashua, kazi ya maziwa na mashamba, walikuwa Waafrika. Unga uliwekwa kwenye mapipa, mwingine ukaokwa biskuti ngumu za meli, ukashuka mto hadi mjini, kisha sehemu kubwa ikaenda visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa ambako watumwa wengine walilishwa. Mwafrika alisaga huku, Mwafrika akala kule, na faida ikabaki kwenye nyumba moja ya mjini.

Jengo lenyewe si lile la kwanza. Tajiri John D. Rockefeller Jr. alitoa fedha za kuokoa mahali hapa, wachimbaji wa mambo ya kale wakatafuta misingi na mabaki ya ukingo, na mashine ikajengwa upya na kufunguliwa 1969. Fundi wa vinu kutoka Uingereza, Charles Howell, ndiye aliyeiendesha kwa miaka mingi. Sikukasirika kuambiwa ni mpya. Mashine ni kitu cha kubadilishwa vipuri kila mara. Baba alikuwa akisema yetu ilibadilishwa mbao zote mara mbili ikabaki ileile.

Tulikuwa watu tisa ndani. Msagaji, mzee mwenye shati la kitani na aproni nyeupe kwa vumbi, alieleza vizuri, bila haraka. Maji yanazungusha gurudumu la nje. Mhimili unaingia ndani hadi kwenye gurudumu la meno ya mbao, hilo linashikana na jingine lililolala, na kwa mpangilio huo mzunguko wa polepole wa nje unakuwa mzunguko wa kasi wa jiwe. Jiwe la chini halitembei. La juu ndilo linalozunguka, na kamwe hayagusani. Yakigusana yatatoa cheche, na vumbi la unga hulipuka kama baruti. Nafasi kati yao ni ya karatasi, na msagaji huipanua au kuibana kwa kuinua jiwe la juu kwa mtambo wa mbao ulio chini ya sakafu.

Mtoto mmoja akauliza, anajuaje kama nafasi ni sawa?

Mzee akaweka kiganja chini ya mlizamu wa mbao, unga ukamwangukia, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha akaupeleka puani.

Hivyo hasa. Kiganja kile, kidole kile, pua ile. Baba alifanya hivyo mara mia kwa siku. Ukisugua, unajua kama unga ni mkwaruzo au laini mno. Ukinusa, unajua kama jiwe limeanza kuunguza, kwa sababu unga uliopata joto hunuka kama mkate uliosahauliwa. Hakuna kipimo kingine. Caesar hakuwa na kingine pia. Adolph, mwinyi mwenye maelfu ya ekari, spika wa bunge la koloni, mwenye meli, alitegemea kidole gumba cha mtu ambaye kwenye karatasi zake aliorodheshwa kama mali.

Karatasi ile ipo. Adolph alikufa 1750 na mali zake zikaandikwa. Watu 23. Wanaume wanatajwa kwanza: Caesar, Dimond, Sampson, Kaiser, Flip, Tom, Venture. Halafu wanaume wasiofaa kazi: James, Charles, Billy. Wanawake: Massy, Dina, Sue. Wasiofaa kazi: Susan, Abigail. Halafu watoto, na hapa niliandika polepole. Tom miaka 9, Charles miaka 9, Sam 8, Dimond 7, Hendrick 5, Caesar 2, Harry mwaka mmoja na miezi, na binti mmoja, Betty, miaka 3. Caesar mkubwa na Caesar wa miaka miwili. Dimond mwendesha mashua na Dimond wa miaka saba. Mwaka huohuo gazeti la New York likatangaza mnada: msagaji, mwendesha mashua, wanawake, wavulana, msichana mmoja.

Niliisoma orodha kwa sauti ndogo pembeni ya mashine, majina yote 23. Mwanamke kijana aliyekuwa kiongozi wetu akanikuta. Nikadhani nimefanya kosa. Akasema taratibu kwamba na yeye huyasoma asubuhi kabla wageni hawajafika, kisha akaendelea na shughuli zake.

Wengine walipotoka nilibaki. Nilimwambia mzee kwamba baba yangu ni msagaji, wa maji, Tanzania. Aliacha kila alichokuwa anafanya. Maswali! Jiwe la nini? Maji yanaangukia juu ya gurudumu au yanasukuma chini? Tulisaga nini? Mahindi na uwele, nikamwambia, na ngano kidogo ya mapadri. Jiwe tulilichonga baada ya muda gani? Sikujua. Nikaona aibu kidogo kwa kutojua.

Nikamwomba aniruhusu kuona mkono wake wa kushoto.

Aliukunjua bila kuuliza sababu, akapangusa unga. Vilikuwepo. Vichache kuliko vya baba, saba au nane, bluu iliyofifia, karibu na vifundo vya vidole. Nikamwonyesha picha ya mkono wa baba kwenye simu. Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole, akaitazama kwa muda. "Huyu," akasema, "amechonga mawe mengi kuliko mimi." Akaniambia kwamba zamani mchongaji mgeni akija kuomba kazi, mwenye kinu humwambia kwanza, onyesha mikono.

Niliomba kugusa jiwe la akiba lililoegeshwa ukutani. Michirizi yake inatoka katikati kwenda ukingoni kwa mshazari, kama miale, na katikati ya michirizi mikubwa kuna midogo mingi, kila mmoja umepigwa kwa mkono. Ndani ya mchirizi kuna ukuta mmoja wima na mmoja wa mteremko. Nafaka hukatwa kwenye ukuta, na mteremko husukuma unga nje. Nilipitisha kidole kutoka tunduni hadi ukingoni, na vidole vikakumbuka mawe yetu ya nyuma ya kanisa, ambako tulipanga kete za bao.

Nilikaa hadi saa kumi. Bustani, ghala la ng'ombe na kondoo niliviona kwa haraka. Vya kutosha kwa wenye watoto.

Mvua ikanikamata Broadway bila mwavuli. Nilikimbilia mkahawa mdogo mtaa wa Beekman. Sleepy Hollow ya leo imejaa watu wa Ekwado na Jamhuri ya Dominika, na harufu ya pale ilikuwa harufu ya nyumbani: wali, maharage, ndizi za kukaanga, nyama ya ng'ombe ya mchuzi. Dola 14 sahani iliyonishinda kumaliza. Mama mwenye mkahawa alinikuta nimelowa akaniletea taulo safi kutoka jikoni, na kikombe cha uji wa mahindi mweupe wenye mdalasini. Kihispania changu ni sifuri na Kiingereza chake kidogo, tukaelewana kwa neno *maíz* na kwa mikono, nikimwonyesha namna jiwe linavyozunguka. Naye akapiga magoti hewani na kusukuma mikono mbele na nyuma: bibi yake alisaga kwa jiwe la mkono. Uji alikataa niulipie.

Siku ya 4, Jumapili: kanisa, Yonkers, nyumbani

Nilirudi asubuhi. Mkabala na mashine, ng'ambo ya barabara, kuna Kanisa la Kale la Waholanzi, alilolijenga Frederick Philipse. Kuta nene za mawe, dogo kama kigango. Kengele yake ina mwaka 1685 na maneno ya Kilatini ya Warumi 8: Mungu akiwapo upande wetu, ni nani aliye juu yetu? Mwaka uleule wa meli ya Soyo. Philipse amezikwa chini ya sakafu. Nilisali nje, kwenye nyasi.

Makaburi makubwa ya jirani yana matajiri wengi mashuhuri. Nilipita tu.

Treni ikanishusha Yonkers, mahali pa mashine ya chini. Mto uliozungusha mashine ile ulifunikwa kwa zege karibu karne nzima ukapita chini ya maegesho ya magari. Sasa wameufunua, unautazama mbele ya kituo, na bata wamo. Nyumba ya Philipse bado imesimama dakika chache kutoka hapo, makumbusho ya jimbo. Niliitazama kwa nje tu, basi langu lilikuwa la saa kumi na mbili.

Lakini msiondoke Yonkers bila kwenda ukingoni mwa Hudson, nyuma ya kituo. Kuna bustani ya sanamu tano za shaba za mchongaji Vinnie Bagwell, Waafrika waliokuwa watumwa wa nyumba ile. Mmoja ni Themba, mwendesha mashua. Mwanamke mmoja ameitwa Bibi. Ni bure, iko wazi wakati wote. Nilimwamkia shikamoo.

Basi la kurudi lilikwenda salama, nililala njia nzima. Jumla ya safari, na kula, dola 190 na senti.

Jumatatu, kwenye simu

Nilimpigia baba saa kumi na moja alfajiri, kwake mchana. Dada yangu alimshikia simu sikioni nikampigia ile sauti ya dakika tatu. Hakusema kitu hadi ikaisha. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Jiwe lao linahitaji kuchongwa," akasema. "Upande mmoja umelala. Sikiliza, kila mzunguko kuna mahali linavuta pumzi."

Nilisikiliza tena na tena baada ya kukata simu, nikiwa nimezima kelele nyingine zote za nyumba. Mara ya tano nikalisikia.

Lakini kabla ya kukata simu nilimweleza habari za Caesar. Akauliza kama walimlipa, nikasema hapana. Akauliza kama alikuwa na mtoto. Nikamwambia kwenye orodha kuna Caesar wa miaka miwili. Akanyamaza, nikasikia kuku wa kwetu.

"Mwanangu," akasema, "yule mzee wa huko mwandikie. Mwambie kwa mahindi ni kila baada ya magunia mia mbili, kwa ngano wiki tatu. Na anichapishie picha ya mkono wake."

Nimeandika barua. Nimeiweka bahasha leo pamoja na picha ya mkono wa baba, kubwa, ya kubandikwa ukutani.